Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Uboho na Utumbo

Je, wajua ya kuwa mtu aliyepewa uboho wa nduguye ili apone saratani ya damu aweza kupona kweli saratani hiyo, kisha akashikwa na maradhi ya matumbo yatokanayo na uboho ule ule uliomwokoa? Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika tiba hii mgeni huja na mwenyeji hupona, lakini baina ya kuja na kupona huweza kuzuka ugomvi, na uwanja wake wa hatari kupita yote ni utumbo.

Ugomvi huu ulidhihirika kwanza kwa panya. Katika miaka ya 1950, huko Harwell nchini Uingereza, watafiti Barnes na Loutit waliwapiga panya mionzi hata uboho wao ukafa, wakawatia uboho wa panya wa nasaba nyingine, nao wakahuika. Lakini baada ya majuma kadhaa wengi wakaanza kuhara, wakakonda, wakafa. Mwaka 1966 mtafiti Rupert Billingham akaeleza masharti matatu ya maradhi hayo: kwanza, mgeni awe na chembe ziwezazo kupigana, pili, mwenyeji awe na alama za mwilini ambazo mgeni hanazo, tatu, mwenyeji awe dhaifu hata asiweze kumtoa mgeni nyumbani mwake.

Na kwa nini utumbo? Kabla ya kupokea seli shina za uboho wa mtoaji, mgonjwa hupewa dawa kali, pengine pamoja na mionzi, ili uboho wake mbovu ufe. Nazo hudhuru pia utando wa utumbo, ambao maumbile yameujalia kujijenga upya kila baada ya siku chache kwa seli shina zake wenyewe, zikaazo ndani ya vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Utando ukichubuka, bakteria hupenya, mwili hupiga mbiu ya hatari, na chembe T za mtoaji, ambazo kazi yao ni ulinzi, huitikia mbiu hiyo, zikamdhania mwenyeji kuwa hasimu, zikavishambulia hata vile vishimo ambavyo ndivyo vingeuponya utumbo.

Hapo mgonjwa, aghalabu katika siku 100 za mwanzo, huchafukwa na moyo, husokotwa na tumbo na kuendesha maji matupu. Matabibu huyapima: mtu mzima akipitisha nusu lita kwa siku yuko daraja ya kwanza, akipitisha zaidi ya lita moja na nusu yuko ya tatu. Na kwa kuwa virusi na dawa pia huharisha, hukatwa kijinyama cha utumbo kikatazamwa kwa hadubini.

Dawa ya kwanza ni steroidi, zitulizazo chembe hizo. Lakini tabibu hathubutu kuzinyang’anya silaha zote; kwani waliopewa uboho na pacha wao wa kufanana ni nadra kupatwa na ugomvi huu, ilhali saratani yao hurejea mara nyingi zaidi, maana askari amwumizaye mwenyeji ndiye pia asakaye masalia ya saratani.

Basi ukimwona muuguzi akipima choo cha mgonjwa kwa makini, usiidhanie kazi hiyo kuwa duni: katika chombo kile ndimo asomamo kama mgeni na mwenyeji wamekwisha kupatana.