Ng'ombe wa Maskini Hazai? Tutazame Kwanza Kilichomo Horini

Wazee walisema, "Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume." Maneno haya hutumiwa kumliwaza aliyeandamwa na mikosi, nasi tumeyazoea hata tukadhani kwamba uhaba wa maziwa na ndama ni jambo aliloandikiwa mtu tu. Lakini kuna sababu nyingine, iliyo karibu zaidi na macho yetu. Ng'ombe asiyepata chakula chenye nguvu huchelewa kupata joto la kupandwa, maziwa yake hukauka mapema, na ndama wake huzaliwa mnyonge. Aghalabu ng'ombe wa maskini si tasa, bali ana njaa.

Katika vitongoji vyetu vya pwani, ng'ombe mmoja wa maziwa au mbuzi wawili watatu mara nyingi huwa mikononi mwa mama. Yeye ndiye akataye majani, achotaye maji, akamaye alfajiri na auzaye maziwa kwa jirani. Kwa fedha hizo hulipa ada ya chuo, hununua sare za skuli na kutia mafuta ya taa. Maziwa yakikatika wakati wa kaskazi, nyumba nzima hutikisika. Hapo ndipo watu huja kwetu kutaka dua, na wengine hushuku jicho la hasidi. Dua ni njema wala haikataliwi. Lakini nami huuliza kwanza: ng'ombe huyu amekula nini mwezi huu? Jibu huwa ni mabua ya mahindi na nyasi zilizokomaa za kando ya barabara.

Kujaa si kushiba

Ili tufahamu ubaya wa nyasi kongwe, yatupasa tulijue tumbo la mnyama anayecheua. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana tumbo lenye vyumba vinne. Chumba kikubwa kabisa ni kama pipa la kuchachushia, nacho kimejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mnyama mwenyewe hana uwezo wa kuyeyusha nyuzi za majani. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyozivunja, vikampa mwenyewe nguvu ya mwili. Kisha navyo huteremka katika vyumba vya mbele, vikameng'enywa na kuwa protini yake.

Vijidudu hivi navyo vyataka chakula chao, na kikubwa wanachohitaji ni protini iliyomo katika majani. Wataalamu wa malisho wamebaini kwamba protini ikipungua chini ya asilimia 7 hivi ya uzito wa majani makavu, vijidudu hudhoofika. Nyasi hukaa tumboni muda mrefu bila kuvunjika, na mnyama hupunguza kula kwa kuwa tumbo bado limejaa. Utamwona ng'ombe ana tumbo kubwa na mbavu zaonekana. Mama humtazama akasema, "Huyu ameshiba." La, amejaa tu. Mabua makavu ya mahindi, ambayo protini yake haifiki asilimia hiyo 7, ndiyo yanayotuletea hali hii.

Nyasi zetu huzeeka upesi

Nyasi za nchi za joto zina sifa moja njema na moja ngumu. Sifa njema ni kwamba hutumia jua kali kwa ufanisi mkubwa, zikakua kwa kasi ambayo nyasi za nchi za baridi haziwezi. Sifa ngumu ni kwamba joto hilo hilo huziharakisha kukomaa. Shina hurefuka, nyuzi hukakamaa kama mti, majani hupungua, na protini huteremka wiki baada ya wiki.

Chukua mfano wa matete, ambayo wengi wetu huyaita nepia. Yakikatwa machanga, protini yake huweza kufika asilimia 10 au zaidi. Yakiachwa miezi mitatu au minne mpaka yampite mtu kimo, huweza kushuka chini ya ile asilimia 7. Wenye kuyaona marefu hufurahi kwa wingi wa mzigo, kumbe wamebeba miti. Kipimo kinachofaa ni kuyakata yakiwa baina ya sentimita 60 na mita moja, yaani tangu usawa wa paja hadi kiunoni, ambayo katika mvua ni kama kila wiki sita hadi nane. Kisha yakatwekatwe vipande vifupi ili mnyama asichague majani na kuacha mashina.

Kiasi nacho kina hesabu yake. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji chakula kikavu kama asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 kwa siku. Nepia changa ni maji kwa sehemu nne katika tano. Basi ili apate hizo kilo 12, yampasa ale kilo 60 za majani mabichi kila siku. Furushi moja la kichwani halifiki hapo. Na fungu la kwanza la chakula huenda katika kuuweka hai mwili wa ng'ombe mwenyewe. Kinachobaki ndicho kigeukacho maziwa, na pasipobaki kitu, hapana maziwa.

Nyasi zilizosafiri zikarudi

Si matete peke yake. Panikamu, au nyasi ya gini, hustahimili kivuli, na kwa hiyo hufaa chini ya minazi na miembe yetu. Nyasi ya Rhodes ina shina jembamba linalokauka upesi, nayo ndiyo inayopendwa kwa kutengeneza hei. Brakiaria ina majani mengi na huvumilia ukavu kuliko nepia. Ukoka nao, ule utambaao, ni malisho mema kwa kondoo maadamu ni mbichi. Mbuzi tabia yake ni nyingine: yeye hupenda majani ya vichaka kuliko nyasi, na kumfungia kwenye nyasi tupu ni kumdhulumu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nyingi ya nyasi hizi asili yake ni bara letu la Afrika. Zilivushwa bahari hadi Amerika ya Kusini, na leo mamilioni ya hekta za malisho huko Brazili yamefunikwa na brakiaria. Nchi hiyo imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nyama ya ng'ombe duniani kwa nyasi iliyotoka kwetu. Sasa aina zilizoboreshwa zimerudishwa Kenya, na watafiti wa kilimo wamezijaribu katika sehemu mbalimbali za nchi, pwani ikiwamo.

Huko Mtwapa, katika kituo cha utafiti wa kilimo, kazi ya miaka mingi imeonyesha faida ya kutoitegemea nyasi peke yake. Nepia ilipandwa pamoja na mlusina, na pamoja na mmea utambaao wa jamii ya kunde wenye maua ya buluu. Mimea ya jamii hii huvuta naitrojeni ya hewani kwa mizizi yake, na majani yake huwa na protini mara mbili ya nyasi au zaidi. Gilirisidia, mti unaoota upesi kwa kupandikiza kijiti, ni wa kundi hilo hilo. Ua la nyumba likipandwa miti hii, huwa kinga na hori kwa pamoja.

Tahadhari tatu hazina budi kutajwa. Mlusina una sumu, na usizidi theluthi moja ya chakula cha mnyama. Mtama unaochipua upya baada ya kukatwa au baada ya ukame una sumu iwezayo kumuua ng'ombe kwa muda mfupi. Usilishwe ukiwa mfupi. Na majani yaliyoshika ukungu yasiingie horini kabisa.

Akiba ya kaskazi

Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 haujasahauliwa. Misimu mitano ya mvua iliharibika kwa mfululizo, mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini, na ndugu zetu wa Tana River, Ganze na Kinango waliona mizoga njiani. Ukame mkubwa namna ile hatuwezi kuuzuia. Lakini kaskazi ya kila mwaka, tangu Januari hadi Machi, haiji kwa kuvizia. Tunaijua siku zake.

Mvua za mwaka zikiisha, nyasi ya Rhodes au panikamu ikatwe inapoanza kutoa maua, isingojewe ikapukutisha mbegu. Ianikwe siku mbili tatu, igeuzwe, kisha ishindiliwe katika kisanduku cha mbao kisicho na kitako na kufungwa kwa kamba. Kila robota litakuwa na kilo 15 hadi 20. Ng'ombe mmoja hula kama kilo 10 za hei kwa siku. Kwa siku 90 hizo ni kilo 900, yaani marobota 45 hadi 60. Yawekwe juu ya mbao, chini ya paa, yasiguse ardhi. Pamoja na hei, kibaba cha wishwa, mashudu ya nazi na jiwe la chumvi humkamilishia mnyama haja zake, na maji yasikosekane.

Kazi hii si ya mama peke yake. Baba akate na kushindilia, vijana wabebe, mama ahesabu na kuamua, kwa maana yeye ndiye ajuaye maziwa yamepungua lini. Mnyama aliyefungwa hawezi kujitafutia. Tumemfunga sisi, basi chakula chake kimekuwa amana shingoni mwetu. Kabla hatujamwita mchinjaji, na kabla hatujamtuhumu jirani kwa jicho lake, tuyapime majani tuliyomkatia: yana umri gani, na ni kilo ngapi?