Mifungo Mitatu, Njaa Moja: Tuijue Kalenda ya Jirani Zetu Wahindu



Kila ifikapo Februari, kamati nyingi za parokia katika Kanda ya Kati hujikuta na ajenda mbili mezani kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni maandalizi ya Kwaresima. Ya pili ni kaya zilizoishiwa chakula. Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mavuno ya uwele na mtama huja Mei na Juni. Kwa hiyo Januari hadi Machi ndiyo miezi ya jembe kubwa na ghala tupu.

Mwaka 2025 jambo la tatu lilijitokeza. Tarehe 26 Februari Wahindu walifunga na kukesha usiku wa Maha Shivaratri. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Machi, Waislamu wakaanza Ramadhani. Tarehe 5 Machi ikawa Jumatano ya Majivu. Ndani ya siku nane, dini tatu zilikuwa zimeingia katika mfungo, tena katika miezi ambayo jirani zao wengine hawakuwa na chakula cha kufungulia.

Ramadhani tunaifahamu, kwa sababu tumeishi na Waislamu nyumba kwa nyumba. Kalenda ya Wahindu ni wachache wanaoijua. Makala hii inaieleza, ili kamati zinazopanga misaada ya chakula zijue lini na namna gani ya kuwaendea jirani hawa.

Wahindu ni akina nani?

Kwanza tutofautishe maneno mawili. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Si kila Mhindi ni Mhindu. Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri ni Waislamu. Makalasinga wana dini yao ya Usikh. Wagoa wengi ni Wakatoliki wenzetu. Kamati inayopeleka barua ya pongezi za Diwali kwa Mwismailia inakuwa imekosea mlango.

Wafanyabiashara wa Kihindi waliongezeka katika miji ya bara wakati Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Wahindu wengi wa Tanzania wana asili ya Gujarat, magharibi mwa India. Wapo pia waliotoka kusini, wakiwemo Watamili, ambao kwao ni jimbo la Tamil Nadu na sehemu za Sri Lanka. Hawa aghalabu ni wataalamu na walimu waliokuja kwa mikataba ya kazi. Wagujarati na Watamili wana imani moja kwa mambo mengi, lakini kalenda zao zinatofautiana.

Kwa nini tarehe hubadilika?

Kalenda ya Waislamu hufuata mwezi wa angani peke yake. Mwaka wake una siku 354 au 355, na ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Sisi Wakristo tunafuata jua, ila Pasaka tunaipata kwa kutazama mwezi mpevu wa majira yale.

Watamili huhesabu miezi yao kwa jua. Mwezi huanza jua linapoingia katika fungu jingine la nyota. Mwaka mpya wao, siku ya kwanza ya mwezi wa Chitirai, huangukia karibu tarehe 14 Aprili. Mwezi wa Tai huanza karibu tarehe 14 Januari. Tarehe hizi hazichezi sana.

Wagujarati huhesabu miezi kwa mwezi wa angani, na mwaka mpya wao huanza mara baada ya Diwali. Ili mwaka usiachane na majira, baada ya kila miezi 32 au 33 huongezwa mwezi mmoja wa ziada. Matokeo yake yanaonekana katika Diwali yenyewe. Mwaka 2021 ilikuwa tarehe 4 Novemba. Mwaka 2022 ikarudi nyuma hadi 24 Oktoba. Mwaka 2023, kwa sababu ya mwezi wa ziada, ikasogea mbele hadi 12 Novemba.

Sikukuu nyingi za Watamili nazo hupangwa kwa kutazama mwezi wa angani ndani ya miezi yao ya jua. Safari moja ya mwezi hugawanywa katika sehemu thelathini zinazoitwa tithi. Tithi inaweza kuanza saa yoyote, usiku au mchana, hivyo siku ya mfungo hutegemea mahali ulipo. Tarehe iliyochapishwa kwa ajili ya India inaweza kupishana na ya Dodoma kwa siku moja. Njia ya hakika ni kuuliza hekaluni au kumwuliza jirani mwenyewe.

Siku za kufunga

Wahindu hawana mfungo mmoja mrefu unaowabana wote. Wana siku nyingi fupi zinazorudi kila mwezi, na kila mtu au familia huchagua zipi za kushika.

Inayojulikana zaidi ni ekadashi, siku ya kumi na moja baada ya mwezi mwandamo na tena baada ya mwezi mpevu. Kwa kawaida huwa 24 kwa mwaka, nazo ni za Vishnu. Siku ya kumi na tatu jioni ni ya Shiva. Siku ya sita, Watamili wengi humkumbuka Murugan. Siku ambayo mwezi hauonekani kabisa ni ya kuwaombea wazee waliotangulia, jambo ambalo Mgogo anayeheshimu mababu zake hatahitaji kuelezwa mara mbili. Aidha, katika mwezi wa Purattasi, kati ya Septemba na Oktoba, Watamili wengi huacha nyama kabisa na kufunga siku za Jumamosi.

Namna ya kufunga nayo hutofautiana. Wapo wasioonja hata maji. Wapo wanaokula mlo mmoja. Wengi siku ya ekadashi huacha nafaka na jamii ya maharage, wakala matunda, maziwa, viazi na karanga. Maana yake ni kwamba ugali, wali na maharage, vyakula ambavyo kamati zetu hudhani havina tatizo kwa mtu yeyote, siku hiyo haviliwi. Wagonjwa, wajawazito, watoto na wazee kwa kawaida hawalazimiki.

Sikukuu kubwa

Pongali ni sikukuu ya mavuno ya Watamili, katikati ya Januari, nayo huchukua siku nne. Mchele mpya huchemshwa kwa maziwa mpaka sufuria ifurike, ishara ya baraka iliyozidi. Siku ya tatu ni ya ng'ombe: huogeshwa, hupakwa rangi pembeni na kuvishwa maua kwa shukrani ya kazi waliyofanya shambani. Mfugaji wa Bahi au Chamwino angeielewa sikukuu hii mara moja, ila kwake Januari si mwezi wa mavuno. Siku hizohizo Wagujarati nao huadhimisha safari ya jua kuelekea kaskazini.

Maha Shivaratri huja Februari au Machi, kwa mfungo wa mchana na mkesha wa usiku. Navaratri ni usiku tisa wa sala kati ya Septemba na Oktoba. Mwishoni mwake Watamili huweka vitabu, vyombo vya kazi na mashine mbele ya Mungu na kuviombea. Kisha huja Diwali, sikukuu ya taa, ambayo Watamili huiita Dipavali na huianza kwa kuoga mafuta kabla ya alfajiri. Wafanyabiashara wa Kigujarati hubariki vitabu vipya vya hesabu siku hizo. Nchini Tanzania sikukuu hizi si za mapumziko ya kitaifa, kwa hiyo hazimo katika orodha ya sikukuu za umma. Usipouliza, hutajua.

Kufunga na kushinda njaa

Wazee wa Ugogo wanaijua njaa kwa majina. Mtunya ya 1917 hadi 1920 iliua watu wengi mno, pale ukame ulipokuta nafaka, mifugo na vijana vimekwisha kuchukuliwa na majeshi ya Vita Kuu. Mtu aliyeshinda njaa kwa kukosa hajafunga, kwa maana hakuchagua. Anayefunga kwa hiari ana kitu mkononi cha kumpa asiye na hiari.

Hapo ndipo dini zetu zinakutana. Mkristo hutoa sadaka ya Kwaresima. Mwislamu hutoa zaka na kufuturisha. Mhindu ana annadana, sadaka ya chakula, inayohesabiwa kuwa miongoni mwa sadaka bora, na mara nyingi huitoa siku za mfungo na sikukuu. Sadaka hizi tatu zikitolewa bila mashauriano, kijiji kimoja hupata mara tatu na kingine hukosa kabisa. Tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965 liliwataka Wakatoliki kushirikiana na wafuasi wa dini nyingine, Wahindu wakitajwa waziwazi. Kushirikiana kugawa debe la mtama hakumlazimishi mtu kuabudu asichokiamini.

Mapendekezo kwa kamati

1. Ifikapo Novemba, waombeni viongozi wa hekalu na wa msikiti tarehe zao za Januari hadi Machi, mziandike katika kalenda ya parokia kando ya zetu.

2. Kabla ya kupanga kikao cha pamoja, ulizeni kama siku hiyo ni ya mfungo. Mgeni anayefunga asilazimishwe kula "hata kidogo tu".

3. Mkiandaa chakula, msiweke nyama ya ng'ombe mbele ya Mhindu. Wengi hawali nyama yoyote wala mayai. Pikeni mboga katika sufuria ya peke yake, na muwe na matunda na karanga.

4. Diwali pelekeni salamu tu, kama Vatikani inavyofanya kila mwaka. Barua ya kuomba mchango ingoje.

5. Orodha ya kaya zenye upungufu iwe moja, iliyothibitishwa na serikali ya kijiji, na kila atoaye aione.

Kwa wafadhili wetu: mkiona katika taarifa kwamba gunia la parokia limegawiwa pamoja na gunia lililotoka hekaluni au msikitini, msidhani mchango wenu umepotea njia. Umeenda kwenye nyumba ambayo haikuwa imefikiwa.