Nyoka ameuma mguu, kwa nini pumzi ikatike?



Hivi karibuni tulikwenda Sitalike kwa huduma ya mkoba, kupima watoto uzito na kuwapa chanjo. Kazi ilipokwisha mama mmoja alinisogelea, akaniamkia, kisha akaniuliza jambo lililokuwa likimsumbua. Jirani yake aliumwa na koboko shambani, kwenye kifundo cha mguu. Kidonda kilikuwa kidogo, matundu mawili tu, wala mguu haukuvimba sana. Lakini haukupita muda, kope zake zikaanguka, ulimi ukawa mzito, akashindwa hata kumeza mate. Kabla usafiri haujapatikana, akaacha kupumua.

"Mama," akaniambia, "nyoka kauma mguu. Iweje mtu afe kwa kukosa pumzi? Wenzangu wanasema nyoka yule alitumwa."

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu gari lilikuwa linangoja. Leo nataka kumjibu vizuri, yeye na ninyi nyote, maana jibu lake litatusaidia kuokoa watu wetu. Ili tulielewe, hatuna budi kwanza kujua jinsi mwili unavyofanya kazi ndogo kabisa, kama kukunja kidole.

Amri hutoka wapi?

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa. Ndiyo tunayoita minofu au nyama ya mwili. Misuli hiyo ina nguvu nyingi, lakini haijitumi yenyewe. Hungoja amri.

Ukitaka kuinua jembe, amri huanzia kwenye ubongo. Hushuka kwa njia ya ugwe mgongo, ile kamba laini iliyohifadhiwa ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Kutoka hapo huingia katika neva, yaani mishipa ya fahamu, mpaka kwenye msuli unaohusika. Tusichanganye neva na mishipa ya damu. Neva haibebi damu, hubeba habari.

Habari hiyo ni umeme, ingawa si umeme kama ule wa TANESCO unaopita kwenye waya. Ukuta wa neva una vijilango vidogo sana. Kilango kimoja kikifunguka, chembe za chumvi ya sodiamu huingia ndani, na kuingia kwake hufungua kilango kinachofuata. Ni kama moto wa nyika wakati wa kiangazi, jani moja huwasha jingine. Lakini moto huu una mbio kubwa: katika neva za mkono huenda mita 50 au zaidi kwa sekunde moja. Ndiyo maana huoni nafasi yoyote kati ya kutaka kukunja kidole na kukikunja.

Mto mdogo usio na daraja

Sasa tumefika mahali penye jibu letu. Neva haigusi msuli. Kati yao kuna nafasi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho, na umeme hauwezi kuivuka. Tufikiri mjumbe amekuja mbio hadi ukingoni mwa mto Katuma, akakuta daraja hakuna. Afanye nini? Hupakia barua yake kwenye mitumbwi.

Mitumbwi hiyo ni kemikali iitwayo asetilikolini. Umeme ukifika mwisho wa neva, kemikali hiyo humwagwa katika ile nafasi, huvuka, na kutia nanga upande wa msuli kwenye magati yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Gati likipata mtumbwi, mlango wa msuli hufunguka, sodiamu huingia, na umeme mpya huwaka juu ya msuli. Amri imevuka.

Mitumbwi ikishashusha mzigo haiachwi gatini. Kuna mfagizi, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambaye huivunja papo hapo ili gati liwe wazi kwa amri nyingine. Asingekuwapo, amri moja ingeendelea kusomwa tena na tena.

Wataalamu walichukua muda mrefu kuyajua haya. Mwaka 1791 Mwitalia Luigi Galvani alitangaza kwamba miguu ya chura aliyekufa hurukaruka ikiguswa na umeme. Ilibidi kungoja hadi karne ya 20 ndipo ikajulikana kwamba kati ya neva na msuli habari hubebwa na kemikali. Kwa kazi hiyo Henry Dale na Otto Loewi walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Msuli unavyovuta

Ndani ya msuli kuna nyuzi za aina mbili, nyembamba na nene, zilizopangwa kwa kuingiliana. Nyuzi nene zina mikono midogo. Umeme ukiingia ndani ya msuli, ghala la kalsiamu hufunguliwa. Kalsiamu ndiyo inayoondoa kifuniko kwenye nyuzi nyembamba, na mikono ya nyuzi nene hupata mahali pa kushika.

Mmewaona wavuvi wa Karema wakivuta nyavu pwani ya Ziwa Tanganyika? Hushika kamba, huvuta, huachia, hushika mbele zaidi, huvuta tena. Nyuzi za msuli hufanya vivyo hivyo, na msuli mzima hufupika. Amri ikikoma, kalsiamu hurudishwa ghalani na msuli hulegea.

Jambo la ajabu ni kwamba nyuzi zinahitaji nishati si kwa kuvuta tu, bali hata kwa kuachia. Ndiyo sababu maiti hukakamaa saa chache baada ya kufa. Nishati imekwisha, mikono imeshika, haiwezi kuachia. Hakuna pepo hapo.

Koboko anapouma

Sasa turudi kwa jirani yetu wa Sitalike. Sumu ya koboko haibaki mguuni. Huingia mwilini na kusambaa, ikatafuta ule mto mdogo kati ya neva na msuli, popote ulipo. Sehemu ya sumu hiyo hukaa kwenye magati kama magogo. Mitumbwi inakuja, haipati pa kutia nanga. Sehemu nyingine huzilazimisha neva kumwaga mitumbwi ovyo, na ndiyo maana wengine hutetemeka misuli kabla ya kulegea.

Misuli midogo ya kope na macho huonyesha dalili mapema. Kisha hufuata ulimi, koo na shingo. Mwisho ni misuli ya mbavu na ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Kupumua ni kazi ya misuli hiyo, nayo pia hungoja amri kutoka kwenye ubongo. Ubongo unaamuru "vuta pumzi", neva inapeleka, lakini gati limezibwa. Mama yangu, hivyo ndivyo nyoka anavyouma mguu na pumzi ikakatika.

Naomba mkumbuke mambo mawili hapa. La kwanza, moyo ni msuli wa namna nyingine, unajipigisha wenyewe, kwa hiyo unaweza kuendelea kupiga kwa muda hata pumzi ikisimama. La pili, mgonjwa aliyelegea hivyo anaweza kuwa bado anasikia. Hawezi kufumbua macho wala kujibu, lakini anawasikia. Msianze kumlilia kama maiti, wala msimfunike shuka. Akisaidiwa kupumua hadi sumu iishe nguvu, anaweza kuamka akawa mzima.

Dawa za shambani

Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, wakulima wa mahindi wamezidi kupulizia dawa. Wa pamba na tumbaku walikuwa wakipulizia tangu zamani. Baadhi ya dawa hizo, hasa za kundi la oganofosfeti, huua wadudu kwa kumfunga yule mfagizi tuliyemtaja. Mfagizi wa binadamu naye hufungwa vilevile.

Hapa shida ni kinyume cha ile ya koboko. Mitumbwi inarundikana gatini na amri haikomi. Mtu hutokwa jasho na mate mengi, machozi, hutapika, huharisha, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, na misuli huchezacheza chini ya ngozi. Mwisho misuli huchoka na kulegea, na pumzi hukatika. Nimeona ndugu wakimleta kijana wa namna hii wakiwa wameshapita kwa mganga, wakidhani amepandwa na mashetani, kumbe alikuwa amepulizia mahindi tangu asubuhi akiwa kifua wazi.

Pepopunda na polio

Hata jina "pepopunda" linaonyesha wazee walivyoudhani ugonjwa huu kuwa pepo. La hasha. Ni sumu ya kijidudu kinachoishi katika udongo na mavi ya wanyama. Huingia kwa kidonda au kwa kitovu cha mtoto mchanga, hupanda kwa njia ya neva hadi kwenye ugwe mgongo, na huko hukata breki. Maana ugwe mgongo hautoi amri za kukaza tu, hutoa pia za kuzuia. Breki ikikatika, misuli yote hukaza pamoja: taya hufungwa, mgongo hujipinda. Mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili tatu za kwanza, kisha akashindwa kunyonya na kukakamaa, apelekwe hospitali saa ileile.

Polio yenyewe huua chembe za neva ndani ya ugwe mgongo. Msuli mzima upo, lakini mjumbe hayupo tena, nao hudhoofu maisha yote. Msidhani polio ni habari za kale. Mwaka 2023 virusi vyake viligunduliwa mkoani Rukwa, jirani zetu, na Septemba mwaka huohuo watoto walio chini ya miaka 8 katika mikoa kadhaa, ukiwemo Katavi, walipewa matone ya chanjo.

Tufanye nini?

Mtu akiumwa na nyoka:
1. Mtulizeni, alale, asitembee. Msipoteze muda kumfukuza nyoka.
2. Mvueni viatu, pete na bangili. Fungeni mguu kwa ubao au vijiti kama mnavyofunga uliovunjika.
3. Msikaze kamba, msichanje, msinyonye, msipake mafuta ya taa. Jiwe la nyoka haliondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kama kamba imeshakazwa sana, msiifungue ghafla njiani, bali mwacheni mhudumu aifungue hospitalini.
4. Pigeni simu hospitali mapema mkaulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Kutoka Sitalike hadi Mpanda ni kilometa 35 hivi. Ni vibaya kufika mahali pasipo na dawa na kuanza safari upya.
5. Mlazeni ubavu ili mate na matapishi yasimpalie. Pumzi ikisimama, mpulizieni mdomo kwa mdomo bila kuacha mpaka mfike.

Mtu akizidiwa na dawa ya shambani:
1. Mtoeni mahali hapo, mvueni nguo zote, mwosheni kwa maji mengi na sabuni. Anayemwosha ajikinge mikono.
2. Msimtapishe, msimpe maziwa. Mleteni haraka pamoja na chupa au karatasi ya dawa. Hospitali kuna atropini.
3. Dawa zifungiwe kwa kufuli, mbali na watoto na mbali na yeyote mwenye moyo uliovunjika. Chupa zake zisiwekwe maji wala mafuta ya kupikia.

Na akina mama: mjamzito akamilishe chanjo ya pepopunda. Kitovu kiachwe kikavu na safi, kisipakwe mavi ya ng'ombe, majivu wala udongo. Mtoto apate chanjo zake za wiki 6, 10 na 14 bila kukosa.

Wapendwa, sisemi tusisali. Nasali na wagonjwa wangu kila siku. Lakini saa ile tunayoitumia kuuliza nani amemtuma nyoka ndiyo saa ambayo sumu inaziba magati. Tunamkumbuka Adrian Atiman wa Karema, aliyekuwa katekista na daktari hadi alipofariki mwaka 1956. Mikono ileile ilifundisha dini na kufunga vidonda. Tufuate mfano wake: mmoja ashike rozari, mwingine awashe pikipiki, na wote waondoke pamoja.

Mama wa Sitalike, asante kwa swali lako. Pole sana kwa msiba wa jirani yako. Nyoka yule hakutumwa na mtu. Wasomee wenzako ukurasa huu jumuiya itakapokutana, na Mungu awabariki.