Kutundika Baisikeli Ukutani

Leo nitasema juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni mahali pa kuiweka baisikeli wakati isipokuwa na kazi. Mtu wa Kirumba aweza kuniambia, "Baisikeli yangu huiegemeza ukutani, nayo yatosha." Yatosha kweli ikiwa nyumba ina baisikeli moja. Lakini katika nyumba nyingi za kupanga mjini Mwanza, zile zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, wapangaji ni wengi, na baisikeli huwa tatu, nne, au zaidi. Zikiegemezana ukumbini, usukani wa hii huingia katika spoku za ile. Aamkaye alfajiri aivuta yake, na nyingine zaanguka. Watoto hujikwaa gizani, na moto ukitokea usiku, njia ya kutokea imezibwa.

Tena kwa watu wengi wa pwani hii ya ziwa baisikeli si kitu cha anasa. Huyu hupakia magunia ya dagaa katika soko la Mwaloni, yule huchukua abiria, mwingine huuza maziwa au mkaa. Rimu ikipindika, kazi ya siku hiyo imekwisha, na fedha ya posho yaenda kwa fundi. Kwa hiyo mahali pa kuiweka baisikeli ni sehemu ya kazi yenyewe.

Dawa ya msongamano huo ni kuitundika baisikeli, au kuifunga, ukutani. Lakini watu wengi huanzia dukani, wakachagua kulabu inayong'aa, kisha ndipo watafute pa kuikaza. Huko ni kutanguliza mkia. Utaratibu unaofaa ni huu: uutazame ukuta kwanza, kisha baisikeli, kisha mtu atakayeinyanyua kila siku. Kulabu huja mwisho, maana hayo matatu ndiyo yaichaguayo.

Tuanze na ukuta. Kuta za Kirumba si za namna moja. Ziko za tofali za saruji, ziko za tofali za kuchoma, na vilimani ziko za tofali mbichi na hata za miti na udongo. Tofali ya saruji iliyofyatuliwa vizuri hushika skrubu barabara, na tofali ya kuchoma iliyoiva hushika vilevile. Lakini tofali iliyotiwa mchanga mwingi na saruji kidogo humomonyoka. Ili kuijua, toboa tundu dogo mahali pasipoonekana. Ikiwa dreli yaingia kwa taabu na vumbi ni laini, ukuta ni mzuri. Ikiwa yazama upesi na mchanga wamwagika, usiutumaini kwa kutundika. Ukuta wa tofali mbichi au wa udongo usitundikwe kitu kizito kabisa.

Yafaa pia kukumbuka ya kuwa lipu si ukuta. Ni ngozi tu, nayo aghalabu unene wake haupiti sentimita 2. Skrubu iliyoishia katika lipu itatoka pamoja na kipande cha lipu hiyo. Na nyumba iliyojengwa ubavuni mwa mlima, ambayo ukuta wake wa nyuma wagusa udongo au mwamba, ukuta huo huweza kutoka unyevu siku za masika. Chuma kilichotundikwa hapo kitapata kutu. Chagua ukuta mwingine.

Sasa baisikeli. Baisikeli nyeusi ya chuma, kama zile za Phoenix zitokazo China, yenye keria, stendi na madigadi, huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Kila mtu aujua uzito huo kwa mkono wake, maana ni sawa na ndoo ya maji ya lita 20. Urefu wake wakaribia mita 2, na usukani una upana wa sentimita 60 hivi. Ipime yako kwa futi kamba kabla hujanunua kitu, kwani baisikeli za michezo na za watoto ni ndogo na nyepesi zaidi.

Umbo nalo lina maneno. Baisikeli ya kiume ina bomba la juu lililolala, umbo lililoenea duniani tangu miaka ya 1890, na bomba hilo hukaa vizuri juu ya mikono miwili ya chuma. Baisikeli ya kike haina bomba hilo. Ukiiweka juu ya mikono hiyo itainama upande mmoja na kuteleza.

Jambo la tatu ni mtu. Usiulize kama baba mwenye nguvu aweza kuinyanyua. Uliza kama mama, au kijana arudiye shuleni, aweza kufanya hivyo kila jioni bila kuumia. Kuinyanyua ndoo iliyojaa hata kifuani si kazi ndogo, nayo baisikeli ni pana na yayumba. Kitu kilicho kigumu kutumia hakitatumiwa: baada ya juma moja baisikeli zitarudi ukumbini, na kulabu zitatundikwa makoti.

Mkiisha kuyajua hayo, tazameni sasa vifaa vyenyewe. Ziko namna tatu kubwa.

Namna ya kwanza ni kulabu moja ishikayo gurudumu la mbele, baisikeli ikasimama wima na gurudumu la nyuma likajiegemeza ukutani. Namna hii hula nafasi ndogo ya ukuta, wala haimlazimu mtu kubeba uzito wote, kwani huisimamisha juu ya gurudumu la nyuma, kisha akaisukuma juu. Lakini baisikeli hutokeza mbele kadiri ya mita 1, basi haifai ukumbini. Yafaa katika pembe ya banda au ya stoo. Mkitundika nyingi pamoja, kulabu moja iwe juu na ya pili iwe chini yake kwa sentimita 20 au 25, ili sukani zisigongane. Tena tairi nene la baisikeli ya mizigo haliingii katika kila kulabu, pimeni kwanza.

Namna ya pili ni mikono miwili ichukuayo bomba la juu, baisikeli ikalala sambamba na ukuta. Hii hutokeza kidogo kuliko ile ya kwanza, ila hula karibu mita 2 za ukuta, na uzito wote hunyanyuliwa na mtu. Yafaa baisikeli nyepesi ya kiume na ukuta imara.

Namna ya tatu ni pete ya chuma iliyokazwa ukutani, pamoja na mnyororo au ukanda. Magurudumu hubaki sakafuni, na pete huzuia baisikeli isianguke wala isivutwe na mwizi. Ukuta haubebi uzito, bali hushika tu. Kwa baisikeli nzito ya kazi, kwa baisikeli ya kike, na kwa mtu asiye na nguvu, naona hii ndiyo bora, ingawa ndiyo isiyo na sifa madukani. Hata ukuta wa tofali mbichi hauwekwi kando kabisa: bolti ndefu huweza kupenyezwa hata upande wa pili, ikafungwa na bamba pana la chuma lisilozama katika udongo.

Wengine huenda kwa fundi wa kuchomelea chuma wakatengenezewa mikono ya nondo za milimita 12. Si vibaya, mradi mwelewe namna uzito unavyovuta. Baisikeli ya kilo 20 iliyo mbali na ukuta kwa sentimita 30 haishuki chini tu, bali huing'oa skrubu ya juu kuja mbele, kama mtu angoavyo msumari kwa mtaimbo. Ikiwa kutoka ncha ya chini ya bamba hata skrubu ya juu ni sentimita 15, nguvu ya kung'oa ni sawa na uzito wa kilo 40. Ikiwa ni sentimita 30, nguvu hiyo hushuka hata kilo 20. Mikono ikiwa miwili, hugawana nguvu hiyo. Basi mwambieni fundi arefushe bamba, wala si kuunenepesha mkono tu. Kisha vikeni mikono hiyo vipande vya tyubu kuukuu, ili rangi ya fremu isichubuke.

Katika kukaza, tundu lipite lipu na kuingia ndani ya tofali yenyewe, wala si katika kiungo cha tofali na tofali. Plagi ilingane na tundu, na skrubu ilingane na plagi. Mkiona tofali haziaminiki sana, kazeni kwanza ubao wa mbili kwa sita kwa skrubu nyingi, kisha kulabu ikazwe katika ubao. Hivyo uzito hugawanywa. Msitoboe juu wala chini ya swichi au soketi ya umeme, kwani nyaya aghalabu hupita hapo. Na mpangaji amwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya tundu la kwanza.

Ikiwa ni kulabu au mikono ya kuchukua uzito, msitundike baisikeli siku hiyo hiyo. Fungeni ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji kwa kamba fupi za urefu sawa, kila mkono ndoo yake. Kulabu ikiwa moja, zining'inie zote mbili hapo. Zisiinuke sana kutoka sakafuni, na watoto wakae mbali. Huo ni uzito wa baisikeli mara mbili. Ziacheni kutwa nzima. Jioni tazameni: je, bamba limeachana na ukuta? Je, kuna ufa katika lipu? Msipoona kitu, tundikeni kwa amani. Mkiona ufa mwembamba kama unywele, ondoeni kifaa na mkaze upya, maana wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la mwisho ni usafi. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya bahari, lakini maji yachuruzikayo katika magunia na matenga ya samaki hula chuma na kunuka. Ioshe baisikeli, ifute, na utie mnyororo mafuta kabla ya kuiweka. Na kila mwezi shika bisibisi, uzikaze skrubu za ukutani pamoja na nati za baisikeli. Kazi hiyo haipiti nusu saa, nayo yalinda chombo kinacholisha nyumba, na kichwa cha mtoto alalaye chini yake.