Kalipa nyekundu hazisimamishi gari

Kijana mmoja aliniletea Subaru Impreza, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kalipa mbili zimefungwa kwa gazeti: nyekundu, pistoni nne kila moja, mtumba kutoka Japani. "Fundi, naomba unifungie hizi. Jumapili kwenye mashindano breki zilikufa, pedali ikaenda mpaka sakafuni."

Kabla ya kuzigusa nilifungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama kahawa. Nilipomuuliza yamebadilishwa lini, aliniambia gari alilinunua hivyo hivyo.

Breki ni chombo cha kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,300 likipunguzwa kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80, joto linalotoka linatosha kuchemsha lita tano za maji ya bomba. Hiyo ni kona moja tu. Baada ya sekunde chache kuna kona nyingine, na diski bado hazijapoa. Breki za kawaida za barabarani, zikiwa nzima, zina nguvu ya kutosha kulifunga gurudumu lisizunguke kabisa; kuanzia hapo anayeamua gari lisimame wapi ni tairi. Unapotoa pesa kwa ajili ya mbio, unanunua breki itakayoshika mzunguko wa ishirini kama ilivyoshika wa kwanza.

Breki hufa kwa njia mbili, na mguu wako ndio unaozitambua. Pedali ikilegea na kuzama, mafuta yamechemka: mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa, na nguvu ya mguu inaishia humo. Pedali ikibaki juu, ngumu, na gari bado linakwenda, mafuta hayana kosa. Pedi ndizo zimepita joto lake. Kijana wangu alipatwa na ya kwanza. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanywa unyevu kinaruhusu hata 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta ya mbio huvuka 300, nayo yana kiu ile ile ya maji, kwa hiyo mshindani hubadilisha mara kwa mara hata kama rangi bado ni safi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kalipa.

Baada ya mafuta, pedi. Tazama ubavuni mwa pedi au mgongoni: nyingi zina herufi mbili za kiwango cha Marekani, kama EE, FF au GG. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F hufika 0.45, G hufika 0.55. Herufi ya kwanza ni ya joto la kawaida, ya pili ni ya joto la juu, kwa hiyo pedi ya GE hushika vizuri asubuhi na kukutupa mchana. Lakini usizitegemee herufi hizo peke yake, maana kipimo chenyewe hakivuki nyuzi 350, na diski ya mbioni hupita 500 bila shida. Kwa mbio soma jedwali la mtengenezaji: pedi inaanza kushika nyuzi ngapi, inaachia ngapi.

Kujua diski zako zinafika wapi hakuhitaji kompyuta. Kuna rangi maalumu za kupaka ukingoni mwa diski: ya kijani hubadilika kwenye nyuzi 430, ya chungwa 560, nyekundu 610. Zipake, endesha mizunguko yako, kisha rudi uangalie. Ikiwa ni ya kijani tu iliyogeuka, pedi kali ya nyuzi 800 itakuwa mzigo. Itakuwa ya baridi muda wote, itapiga kelele na kuila diski, na ukiondoka nayo nyumbani alfajiri, mzunguko wa barabara wa kwanza unaweza kukukuta huna breki.

Jambo jingine, wasidanganyike wanaopenda kubana matumizi: pedi kali nyuma na dhaifu mbele ni njia ya mkato ya kugeuza gari lielekee lilikotoka.

Sasa kalipa. Watu huhesabu pistoni, mimi nahesabu eneo. Kalipa ya kawaida ya kuteleza yenye pistoni moja ya milimita 57 ina eneo la sentimita za mraba 25.5. Kalipa ya pistoni nne za milimita 40 huhesabiwa upande mmoja tu, yaani pistoni mbili, nazo ni 25.1. Ile nyekundu inabana kidogo chini ya ile ya zamani! Faida yake iko kwingine: haipindi kirahisi, hubeba pedi kubwa, na huikandamiza sawasawa isiliwe upande. Ukichagua yenye eneo kubwa zaidi, pedali itashuka zaidi, kwa kuwa masta silinda ni ile ile na sasa ina mafuta mengi ya kusukuma, na mgawo wa breki utahamia mbele. Nyingine zina pistoni ndogo upande diski inakoingilia. Hizo usizibadilishe kulia kwa kushoto. Ukizibadilisha, hata nipo ya kutolea upepo itaangalia chini na hewa haitatoka.

Ukubwa wenyewe una mipaka. Magari ya daraja la Rally1 yanayoshindana Naivasha kwenye Safari Rally hufunga diski za milimita 300 ndani ya rimu za inchi 15. Yakienda kwenye lami hufunga za 370 na rimu za inchi 18. Vumbi halina mshiko wa kuihitaji diski kubwa.

Kijana tulimbadilishia mafuta yote, tukatoa upepo magurudumu manne na kumfungia pedi za kati mbele na nyuma. Kalipa zake alirudi nazo. Nilimwambia kwanza akate boksi gumu kwa umbo la kalipa, alijaribu ndani ya rimu zake za inchi 16. Halikuingia.