Kifungua Kinywa cha Mtoto Mwenye Haraka

Tangu Januari 2023 masomo katika shule za Rwanda huanza saa mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo iliposogezwa mbele, ilionekana kwamba kila mtoto sasa angepata nafasi ya kuketi na kula kabla ya kuondoka nyumbani. Katika mji wa Kamembe na vilima vinavyouzunguka, wilayani Rusizi, ambayo wazee bado huiita Cyangugu, mambo si mepesi hivyo. Mama auzaye sokoni hutoka alfajiri. Baba aliye askari huenda bado yuko lindoni. Na mtoto mwenyewe ana mwendo wa kupanda na kushuka vilima kabla kengele haijalia.

Hapo ndipo sarafu hutiwa mkononi mwake, naye huambiwa anunue andazi njiani. Andazi si chakula kibaya. Kasoro yake ni kwamba halikai. Unga mweupe na sukari husagwa upesi tumboni. Nguvu yake hupanda kwa haraka na kushuka kwa haraka, na ifikapo saa nne mtoto hupiga miayo na kutazama dirishani. Mwalimu humdhania mvivu, kumbe ana njaa. Askari yeyote aliyewahi kusimama gwarideni asubuhi kwa chai ya rangi peke yake anaifahamu hali hiyo, na yeye ni mtu mzima.

Chakula cha shuleni ni cha mchana. Mpango wa taifa wa kuwalisha wanafunzi, uliopanuliwa mwaka 2021, ni msaada mkubwa, hasa kwa kuwa mwaka 2022 mchango wa mzazi wa shule ya msingi uliwekwa kuwa faranga 975 tu kwa muhula. Lakini saa zote za kabla ya mchana hubaki kuwa mzigo wa nyumbani.

Siri ya chakula cha haraka ni kwamba hakipikwi kwa haraka. Hupikwa jioni, wakati jiko lingali na moto wa chakula cha usiku, na asubuhi hubaki kazi ya kupasha na kufunga tu. Kazi hiyo ya asubuhi inamfaa pia baba arudipo kutoka zamu. Haina ugumu kuliko kung'arisha viatu.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni kiazi kitamu na yai. Viazi vichemshwe jioni pamoja na maganda yake, vipoe, vifunikwe. Mayai nayo yachemshwe mpaka yawe magumu, yaachwe ndani ya ganda. Yai lililopasuka lisingoje asubuhi, bali liliwe usiku huo huo. Kiazi hujaza tumbo, yai hushikilia njaa. Penye viazi vya rangi ya chungwa, ambavyo vimeenezwa sana nchini Rwanda katika miaka ya karibuni, mama achague hivyo, kwa sababu vina vitamini A kwa wingi, nayo hulinda macho.

Maharage yaliyobaki jioni yasidharauliwe. Yapondwe, yakaangwe kwa mafuta kidogo na kitunguu mpaka yakauke, kisha yawekwe mahali penye baridi, yamefunikwa. Asubuhi yapashwe moto mpaka yatoe mvuke, yapakwe juu ya chapati, nayo ikunjwe kama mkeka. Mtoto hushika kwa mkono mmoja na kula akitembea. Tangu mwaka 2010 wakulima wa Rwanda wamekuwa wakipewa mbegu za maharage yenye madini ya chuma zaidi ya yale ya kawaida. Lakini chai ikinywewa pamoja na maharage huzuia sehemu ya chuma hicho kuingia katika damu. Chungwa au kipande cha papai hufanya kinyume chake. Basi chai ingoje jioni.

Wakazi wa kando ya Ziwa Kivu wana hazina nyingine ambayo watu wa mbali huitamani: sambaza. Samaki hao wadogo hawakuwamo ziwani hapo zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huvuliwa usiku kwa taa. Sambaza waliokaushwa vizuri huliwa wazima na mifupa yao, hivyo humpa mtoto protini na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Wakaangwe jioni bila maji mpaka wavunjike kwa vidole, watwangwe, na unga wake utiwe katika chupa kavu. Kijiko kimoja katika maharage ya chapati, au katika viazi vilivyopondwa, chatosha. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaliane, na bei hupanda. Mwenye busara huweka akiba kabla.

Uji una matata yake. Ulio mwepesi ni maji matupu, na ulio mzito hauwezi kunywewa na mtu aliyesimama mlangoni. Dawa yake ni kimea cha ulezi. Ulezi ulowekwe, uoteshwe, ukaushwe na kusagwa. Uji mzito wa soya, mtama na mahindi, yaani ule wa sosoma, ukishapikwa na kupoa kidogo, hutiwa kijiko cha kimea na kukorogwa. Baada ya dakika chache hulegea wenyewe bila kuongezwa maji, na nguvu yake haipungui. Kisha urudishwe motoni uchemke tena. Kimea cha mtama kisitumiwe ovyo, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu na hayana budi kupukuswa yote. Na anayejisagia soya mwenyewe akumbuke kuichemsha au kuikaanga kwanza. Soya mbichi huzuia tumbo lisisage protini.

Mchele wa bonde la Bugarama hufaa kwa vitumbua, lakini wali uliopikwa jioni na kuachwa usiku kucha katika sufuria yenye uvuguvugu ni hatari, hata ukipashwa moto. Vijidudu vyake huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Hilo halina mjadala.

Karanga nazo ni chakula bora cha njiani kwa mtoto mkubwa. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizo chungu zitupwe, maana ukungu huo hudhuru ini. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima akitembea, kwani huweza kumpalia; apewe zilizosagwa laini, zikiwa zimepakwa juu ya kiazi.

Kuhusu kufunga, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Rwanda mwaka 2008. Jani la mgomba likipitishwa juu ya moto hulegea, halichaniki, na hukunjwa vizuri kuzunguka chapati. Mwenye kopo lenye kifuniko atumie kopo, ila lioshwe kwa maji ya moto kila jioni litokapo shuleni, kabla mabaki hayajakauka pembeni.