Kuhara damu kunakorudi si kila mara ni amiba

Msikilizaji, hapa Chunya mtu akihara damu, wazo la kwanza ni amiba, na wakati mwingine ni kweli. Lakini kama umemaliza dozi na damu inarudi, au wiki nne zimepita, nenda hospitali.

Yapo magonjwa mawili, kolaitisi ya vidonda na Crohn, ambapo kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Hayaambukizi, wala si kurogwa. Dawa hazimalizi kabisa, ila huyatuliza, ukaendelea na shughuli zako.

Daktari hupima choo kwanza, kisha huweza kukupa rufaa ya Mbeya au mbali zaidi, utumbo ukaangaliwe kwa mpira mwembamba wenye kamera. Mwambie kama umefanya kazi machimboni au umeishi na mgonjwa wa TB. TB ya utumbo hufanana na Crohn, na prednisoloni, inayotuliza Crohn, huweza kuichochea TB.

Ukipewa prednisoloni, usiiache ghafla. Dawa za maumivu kama diklofenaki usimeze bila kuuliza, huweza kuamsha ugonjwa. Ukiona damu nyingi, homa kali au tumbo limevimba, usisubiri kesho.